Mkia wa Msafara

Usoke, Jumamosi jioni

Kalunde mwanangu,

Sikuulizi hujambo, maana nakusikia. Uko hapo uani unasukwa, na kila shangazi yako akikuvuta nywele unamwambia, "Shangazi, nakwenda Kigoma, siendi mbinguni, niachie ngozi kidogo." Mimi niko huku ndani mezani na daftari la mazoezi nililolichana kurasa za katikati. Baba yako amepita mara mbili akijifanya anatafuta kamba ya kufungia sanduku. Mara ya pili akasema, "Mama Kalunde, hiyo kalamu unaitafuna au unaandika?" Nikamwambia aende akatafute kamba.

Mambo ya safari siyaandiki. Blanketi umeliona, vyeti viko kwenye bahasha, asali ya bibi yako nimeifunga mara tatu na bado nina hakika itamwagikia sweta. Wewe una akili, na usilolijua utauliza. Nina jambo moja tu, nalo nimelibeba miaka tisa. Kwa mdomo nimeshindwa. Juzi tulipokuwa tunachambua mchicha nilianza, nikaita "Kalunde," ukaitika "Bee mama," nikasema, "Chumvi imebaki?" Ndivyo mama yako alivyo shujaa.

Kilichonisukuma ni ile fomu ya chuo cha ualimu. Uliniachia Jumanne nikuangalizie kama umejaza vizuri. Umejaza vizuri, mwandiko wako unanishinda hata mimi mwalimu. Lakini ukurasa wa tatu wanauliza kama mwombaji amewahi kuongoza kundi lolote la watoto, na wameacha mistari minne ya kueleza. Wewe umeandika neno moja. Hapana.

Nililisoma lile neno nikaenda kusimama jikoni. Halikuwa kweli, na aliyekufundisha kulisema ni mimi.

Najua unayajua haya kuliko mimi, lakini niache niyaandike kwa utaratibu. Nikiyaruka nitapata upenyo wa kukimbia.

Nilipoanzisha kundi la skauti wadogo pale shuleni ulikuwa na miaka sita, ukalia siku nzima kwa sababu umri wa kuingia ulikuwa saba. Ulipofika saba ulikuwa wa kwanza kwenye mstari, skafu imefungwa mbele nyuma. Watoto walikuwa ishirini na wanne, wa miaka saba mpaka kumi. Niliwagawa sita sita, na kila kikundi tukakiita sita tu: sita ya Njano, ya Kijani, ya Nyekundu, ya Bluu. Pindo za skafu fundi wa pale sokoni alizishona kwa mabaki ya vitambaa, ndiyo maana bluu yetu ilikuwa na maua. Kila sita ilikuwa na kiongozi wake, mtoto kama wao, mwenye mistari miwili kwenye mkono wa shati, na msaidizi mwenye mstari mmoja. Ndugu wa nyumba moja sikuwaweka pamoja, maana mkubwa humsemea mdogo mpaka mdogo anasahau kuwa ana mdomo. Anayejua kusoma nilimweka na asiyejua. Mdogo kuliko wote alitembea wa pili, mgongoni kwa kiongozi, ili kiongozi asikie pumzi yake na apunguze mwendo. Jumamosi mchana tulikaa mduara, tukakagua kucha, tukasema ahadi, mchezo mmoja, fundo moja la kamba, nyumbani. Kazi yangu kwa kweli ilikuwa kuwapanga tu. Ukishawapanga vizuri, mtoto wa miaka kumi anamwongoza wa miaka saba kuliko mtu mzima yeyote.

Ile ya kutembea na matawi niliipata kwa bibi yangu mzaa baba. Babu yake alikuwa mpagazi, alibeba mizigo kati ya Tabora na Ujiji kabla ya reli. Bibi alisema msafara ulikuwa na watu wawili wa kutegemewa, wa mbele na wa nyuma. Wa mbele akifika njia panda alikata tawi akalilaza kwenye njia isiyo yenyewe, ili walioachwa nyuma, hata kwa nusu siku, wasipotee. Wa nyuma kabisa, akishapita yeye, aliliondoa lile tawi, kwa sababu ile njia nyingine nayo ina wenyewe, na si adabu kuwafungia watu njia yao ukaenda zako. Nikaichukua hivyo hivyo. Sita iliyo mbele inaweka matawi, wa mwisho anayaondoa. Huyo wa mwisho ninyi watoto mlimwita Mkia. Kanuni ilikuwa moja: Mkia ni mtu mzima, na Mkia hampiti mtoto. Mtoto akikaa chini kulia, Mkia naye anakaa.

Mkia nilikuwa mimi. Nilijichagua mwenyewe, nikajisifu nayo kwenye vikao vya wazazi.

Kabla sijafika kwenye siku yenyewe, kuna kosa la kwanza, dogo, lililozaa lile kubwa. Mwaka ule uliotimiza miaka tisa, watoto wa Njano walichagua kiongozi wao kwa kuweka kokoto miguuni mwa wanayemtaka. Kokoto tano zilikuwa miguuni mwako, na ya sita uliiweka wewe mwenyewe kwa mwenzako. Mimi nikasema tutarudia mwakani, nikampa mistari mtoto mwingine ambaye hata hakuitaka. Ulipouliza nyumbani nilikujibu kwamba watu watasema mwalimu anampendelea mwanawe. Ukakubali. Ulikuwa mtoto wa kukubali, na mimi nikaona huko kukubali kwako ni malezi yangu mazuri. Watu watasema. Mwanangu, hilo neno limenila maisha yangu yote, na nikakulisha na wewe.

Mwaka uliofuata kokoto zikarudi miguuni mwako, nikakosa la kusema. Ukawa kiongozi wa Njano. Ulishona mistari yako mwenyewe, mmoja ukapinda.

Sasa siku ile. Tulikuwa tunakwenda kile kisima cha zamani kwenye njia ya wapagazi, mwendo wa saa mbili kwa miguu ya watoto. Mwalimu mwenzangu alitangulia na uji kwa baiskeli. Njano mlikuwa mbele. Bluu walikuwa mwisho, na katika Bluu alikuwamo Nestori, mdogo kuliko wote, wa ile familia iliyohamia kutoka Ulyankulu wakaja kulima tumbaku ng'ambo ya reli. Katikati ya pori Nestori akachomwa mwiba. Kiongozi wa Bluu alitaka kumsubiri, nikamwambia endeleeni, niko naye.

Nilikuwa nimepiga magoti na mguu wa yule mtoto mapajani mwangu, pikipiki ikaja. Kijana akaniambia mgeni kutoka wilayani ameshafika kisimani, kabla ya saa yake, na ananiulizia. Kalunde, nilikuwa nimemsubiri mgeni yule muhula mzima. Nilikuwa na hotuba. Nilimwambia Nestori, "Mwiba umetoka. Njoo taratibu, fuata matawi," nikapanda ile pikipiki. Sikupanda hata mbali, mchanga ulitushinda, nikashuka nikaendelea kwa mguu, nusu natembea nusu nakimbia, nikisema hotuba yangu kimoyomoyo.

Nilipofika njia panda nililikuta tawi lako. Ulikuwa umeliweka vizuri, limelala kwa upana, majani yametazama tulikotoka kama nilivyowafundisha. Na mkono wangu ukaliokota. Sikufikiri. Miaka minne nilikuwa nikifika kwenye tawi naliokota, kwa sababu nikifika mimi hakuna aliyebaki nyuma. Mbung'o walikuwa wengi, nikaanza kuwapunga nalo. Nilifika kisimani nikimpa mgeni mkono wa kulia huku tawi la Nestori liko mkono wa kushoto.

Wewe uliliona. Ulikuwa unagawa vikombe. Ulilitazama tawi, ukanitazama mimi, ukatazama nyuma yangu, kisha ukaja ukaniuliza polepole, "Kiongozi, Nestori yuko wapi?"

Mengine hayahitaji maneno mengi. Alifika njia panda akakuta njia mbili zote ziko wazi, akachagua pana, kama ambavyo mtu yeyote angechagua. Tulimtafuta kuanzia saa sita mpaka jua linaegemea. Tulipiga filimbi na kuita mpaka sauti zikakauka. Mkulima mmoja ndiye aliyemleta shuleni kwenye kerea ya baiskeli, alimkuta amelala kwenye kivuli cha bani la kukaushia tumbaku, mzima, ana kiu tu. Mzee mmoja akasema kupotea njia ndiyo kujua njia, watu wakacheka kwa ule wepesi wa moyo uliorudi mahali pake. Mimi sikucheka. Wazazi walikuwa wamejaa uwanjani, mgeni alikuwapo, na kila jicho lilikuwa linangoja mtu aeleze.

Ningeweza kueleza kwa sentensi moja. Niliondoa tawi kabla ya wakati wake. Ndiyo hiyo, Kalunde. Maneno sita, na nimechukua miaka tisa kuyaandika.

Badala yake nikauliza kwa sauti ya darasani, "Nani alikuwa mbele?"

"Mimi, Kiongozi."

"Njia panda uliweka tawi?"

"Niliweka, Kiongozi."

"Kama uliliweka, mbona Nestori hakulikuta?"

Wenzako wa Njano wakaanza, "Aliweka, tulimwona, aliweka!" Nikapuliza filimbi. Ile filimbi ya kuwanyamazisha mkicheza, niliwanyamazishia ukweli. Wewe ukautazama mkono wangu wa kushoto. Haukuwa na kitu tena, tawi nilikuwa nimelitupa kisimani, lakini uliutazama kana kwamba bado liko. Ukanyamaza. Nikakufungua skafu shingoni mbele ya watu wote, nikabandua na ile mistari yako, mmoja uliopinda ukachanika kwa sababu ulikuwa umeushona kwa nyuzi nyingi.

Mgeni akanishika mkono akasema, "Mwalimu, wewe huna upendeleo hata kwa mwanao." Alinisifu, mwanangu. Nikazipokea sifa, nikasema asante.

Tulirudi nyumbani. Ulikula, ukaosha vyombo, ukaniambia usiku mwema mama. Jumamosi iliyofuata ulisema una nguo za kufua. Iliyofuata pia. Watu walipoulizia nikawaambia amekua, mambo ya watoto yamemchosha. Ulikuwa na miaka kumi. Baba yako alipoona kuna kitu aliniuliza mara moja, nikamjibu kwa ukali hata hakurudia. Na wewe hukuwahi kunisema. Nilikuwa naomba ukasirike, uvunje sahani, uniite mwongo. Ungenisaidia. Lakini uliendelea kunichemshia maji ya kuoga na kunisalimia shikamoo asubuhi, na kila marahaba niliyoitika ilinipitia kooni kama chikichi.

Nilijidanganya kwa njia nyingi. Nilisema mtoto amesahau. Nilisema nikikiri sasa nitamuumiza upya. Nilisema kundi litavunjika na watoto wa watu watapata hasara kwa kosa la dakika moja. Hilo la mwisho lilinisaidia zaidi, kwa sababu lilikuwa na sura ya wema. Kundi halikuvunjika, ni kweli. Lina miaka kumi na tatu sasa. Kila Jumamosi nimewapanga watoto wa wenzangu mduara, nikiwaambia waseme kweli, huku wangu yuko nyumbani anafua.

Leo mchana ulidhani nimekwenda kwenye mkutano kama kawaida. Nilikwenda, lakini nilikuwa nimewatumia wazazi salamu waje, wale wa sasa na wale wa zamani walioko karibu. Nilisimama katikati ya mduara, sio kwenye nafasi yangu. Nikawaeleza njia panda, tawi, mbung'o, mgeni, filimbi na skafu. Niliwaambia Kalunde wangu aliongoza vizuri siku ile, na kwamba aliyepoteza mtoto ni Mkia. Kijana mmoja mdogo wa Kijani akaniuliza, "Kwa nini hukusema?" Nikamwambia niliona aibu. Akasema, "Siku zote hizo?" Watoto wanajua kuhesabu.

Mama Nestori alikuwa amesimama pembeni, yule mtoto wake wa mwisho naye yuko kundini sasa. Nikamwendea, nikapiga goti, nikamwomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa chochote atakachosema, isipokuwa alichosema.

"Inuka, Mwalimu. Sisi tulijua tangu siku ile."

Nikamwuliza wamejuaje.

"Mtoto alituambia usiku ule ule. Alisema Mwalimu alinipita. Baba yake alitaka kuja kwako asubuhi. Lakini kesho yake alfajiri binti yako alikuja kwetu, peke yake, na ndoo kichwani kama katumwa maji. Akatuamkia, akasema, naomba msimseme mama yangu. Mkimsema ataliacha kundi, na akiliacha watoto hawatakuwa na mtu. Akampa Nestori pipi, akajitwika ndoo yake akaenda."

Mama Nestori akanishika kiwiko akaniinua, akaongeza taratibu, "Tulinyamaza, Mwalimu. Sio kwa ajili yako. Kwa ajili yake."

Kwa hiyo sasa nimejua kwamba miaka yote hii nilikuwa natembea mbele ya watu nikipuliza filimbi, na nyuma yangu kulikuwa na mtoto wa miaka kumi aliyebaki kuangalia nisipotee. Ulifanya kazi yangu. Uliifanya kimya, ukiwa umevuliwa skafu, na gharama yake ukailipa kwa Jumamosi zako zote. Naona aibu, Kalunde. Naona aibu na ninakupenda, na leo sijui kuvitenganisha.

Sikuombi uniambie umenisamehe. Najua ungesema haraka, ndiyo tabia yako, na mimi ningepona haraka bila kustahili. Kaa nalo. Ukiwa huko Kigoma, likikupanda hasira, nikasirikie. Niandikie kwa hasira. Nitaisoma barua yako yote, na nitaisoma tena.

Nami sikupi mafunzo ya ualimu, utayapata huko kwa wanaoyajua. Ila nimeona kitu kimoja kwa macho yangu, nacho nakuachia. Siku utakayopewa watoto, mbele kutakuwa na mgeni, na nyuma kutakuwa na mtoto anayetolewa mwiba. Vitakuja kwa pamoja, na mgeni ndiye atakayekuwa amevaa vizuri. Mimi nilichagua mgeni. Leo hata jina lake silikumbuki.

Na hili la watu watasema, ambalo nilikupa mimi, naomba unirudishie. Usisafiri nalo.

Fomu yako iko kwenye bahasha pamoja na vyeti. Sikuigusa. Ile mistari minne ni yako, na neno lile ulilolijaza ukitaka libaki, libaki, sina haki ya kulifuta. Juu ya bahasha utakuta skafu ya Njano. Ilikuwa kwenye boksi la chaki, nyuma ya kabati, imefuliwa. Ile mistari miwili nimeishona leo asubuhi kwenye ncha yake kabla sijaenda kwenye mkutano. Uliopinda nimeuacha umepinda. Ukiona huihitaji, iache kitandani, sitauliza.

Shangazi yako ananiita nije nione nywele. Baba yako amepata kamba, nasikia anaisifu. Ugali uko tayari na mimi bado sijafika mwisho, wala sidhani kama barua hii ina mwisho.

Kesho tukitoka hapa kwenda stesheni, baba yako atatangulia na sanduku, maana hapendi kuchelewa hata kwa treni inayochelewa. Shangazi yako na wenzako watakuwa pembeni yako. Mimi usinitafute mbele. Nitakuwa nyuma yako. Ukisimama kufunga kiatu, nitasimama. Ukisimama kulia, nitasimama. Ukikaa chini pale njiani kwa sababu tu hutaki kwenda, nitakaa na wewe mavumbini na gauni langu la kanisani.

Treni na ipige honi itakavyo. Sikupiti.

Mama yako